Nyumba na Maskani: Chumba cha Futi 10 kwa 10

Kila mwisho wa mwezi, magari yatokayo Bokoli kwenda Webuye, Bungoma na Kitale hubeba mizigo ya namna moja: godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, sanduku la bati, gunia la mahindi, jiko la makaa, na juu yake kiti kimoja cha mbao kilichopinduliwa miguu juu. Mwenye mzigo huo ni kijana aliyepata kazi ya ukarani, ya ualimu, ya ulinzi au ya dukani, naye anakwenda kupanga chumba. Chumba chenyewe amekwisha kukiona. Ni kimoja katika safu mbili za vyumba zinazotazamana uani. Kina mlango mmoja na dirisha moja, bomba la maji ni la wapangaji wote, na choo kiko mwisho wa ua. Kipimo chake ni futi 10 kwa futi 10. Mwaka wa kwanza kijana hukaa peke yake. Mwaka wa pili mkewe humfuata. Baada ya hapo huja watoto, tena huja ndugu wa mke anayetafuta shule ya mjini, na chumba ni kile kile.

Taabu ya watu hawa haianzi kwa uchache wa nafasi peke yake. Katika boma la Bokoli kila kazi ina mahali pake. Moto una nyumba yake, yaani jiko lililojengwa kando. Wavulana wakubwa wana nyumba yao, esimba, nao hawana sababu ya kupita mbele ya kitanda cha wazazi wao. Mahindi yana ghala. Mgeni huketi chini ya mti mpaka akaribishwe ndani, na mwenye maneno ya siri humchukua mwenzake wakatembea kidogo kuelekea shambani. Mpango wa maisha uko katika ardhi yenyewe, hata mtu huufuata bila kujua ya kuwa anaufuata. Mjini nyumba hizo tatu au nne hukusanywa zikatiwa ndani ya kuta nne, na mwenyewe huendelea kuishi kana kwamba zingali zimetengana. Hapo ndipo masufuria yanapolala juu ya vitabu, na mgeni anapokosa mahali pa kuweka macho yake.

Wako wazee wasemao ya kuwa Mbukusu hakuumbwa kukaa kwa kubanana. Historia ya nchi hiyo yasema vingine. Kabla ya mwaka 1895, watu wengi wa kabila hilo waliishi ndani ya ngome za udongo zilizoitwa chingoba, zenye handaki kwa nje na nyumba nyingi kwa ndani. Ngome ya Chetambe, ambayo mahali pake ni juu ya kilima karibu na Webuye, ndipo walipopigana na jeshi la Waingereza mwaka huo wa 1895. Baadaye watu walitawanyika, kila mtu akajenga boma lake mahali alipopenda. Basi, kukaa karibu karibu walikujua babu zao vizuri kabisa. Jambo geni ni kukaa hivyo bila ua wa kutokea.

Yafaa pia msomaji ajue sababu ya chumba hicho kuwa na kipimo hicho. Nyumba za wafanyakazi katika miji ya Kenya zilianza kwa kumfikiria mwanamume mmoja aliyemwacha mkewe mashambani. Huko Nairobi, mtaa wa Kariakor, ambao jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ulijengwa mwaka 1929 kwa mfano wa mabweni, na kwa miaka mingi wakuu wa mji walihesabu nyumba za Waafrika kwa nafasi za vitanda. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kuwafikiria mke na watoto. Mwaka 1954, kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilishauri ya kuwa mshahara wa mfanyakazi upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa, wala usipimwe tena kwa mahitaji ya mtu mmoja. Mshahara ulianza kufikiriwa hivyo, lakini chumba hakikuongezeka. Wenye ploti wa miji midogo waliendelea kujenga vyumba vya mtu mmoja, kwa sababu vyumba kumi vidogo huleta kodi kuliko vitano vikubwa, na mpaka leo fundi wa Kitale au Bungoma akiambiwa ajenge vyumba vya kupangisha hapimi, huanza kuchimba msingi wa futi 10 kwa 10.

Mpangaji hawezi kuzisogeza kuta hizo. Awezayo ni kuihesabu sakafu kabla ya kununua kitu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Futi 10 mara futi 10 ni futi za mraba 100. Kitanda cha futi 4 kwa 6 huchukua 24. Mlango wa futi mbili na nusu ukifunguka kwa ndani huhitaji mahali pa kuzunguka, na mahali hapo hapawekwi kitu: ondoa 6 nyingine. Zimebaki 70. Sasa tuseme bwana mwenye chumba ameona kwa rafiki yake makochi ya watu saba, naye ayataka. Kochi la watu watatu huchukua karibu futi za mraba 20, la watu wawili 15, yale mawili ya mtu mmoja mmoja 18, na meza ya katikati 8. Jumla ni 61. Zimesalia 9 kwa jiko, maji, masufuria, nguo, chakula, na miguu ya watu wote wa nyumba. Ndiyo maana katika vyumba vingi watoto huruka juu ya makochi kama mbuzi ili kufika kitandani, na meza ya katikati huinuliwa kila jioni ikawekwa nje, na ikinyesha mvua huloa.

Makochi hayo, pamoja na vitambaa vyake vyeupe vya kufumwa, yamekuwa alama ya heshima, na si kazi rahisi kumwambia mtu aache heshima. Lakini wageni saba hawaji kila siku, na jamaa inaishi humo kila siku. Benchi moja refu lililotengenezwa kama sanduku, lenye kifuniko cha kukalia na mto juu yake, huketisha watu watatu, nalo tumboni huhifadhi mablanketi, unga au nguo za mvua. Vigoda vinne vinavyoingiliana huwekwa kimoja juu ya kingine pembeni, wageni wakija hupangwa. Fundi seremala yeyote wa sokoni Bokoli aweza kuvitengeneza kwa fedha kidogo kuliko seti ya makochi. Kabla ya kwenda kwa fundi, mwenye chumba na achukue chaki achore juu ya sakafu kila kitu anachokitaka kwa kipimo chake, kisha yeye na mkewe watembee humo kwa siku mbili. Chaki hufutika, lakini kochi lililokwisha kulipiwa halifutiki.

Kitanda ndicho kitu kikubwa kuliko vyote, na mahali pake hukata maneno juu ya vingine. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtu asimamaye mlangoni asikione. Jambo hili laonekana dogo kwa vijana, lakini katika nchi ile si dogo. Mzee mmoja kutoka Bokoli alikwenda Kitale kumtazama mwanawe aliyekuwa ameoa karibuni. Alipofika mlangoni aliona kitanda cha mwanawe na mke wake kimeelekea mlango, hakuna kitu mbele yake. Akasimama.

“Karibu ndani, baba,” alisema mkwewe.

“Asante, mama. Nitakaa hapa nje, kuna hewa nzuri.”

Akaletewa kigoda, akanywa chai yake uani, watoto wa wapangaji wengine wakimtazama, na upepo wa mlimani ukimpuliza. Saa kumi alisema ya kuwa hataki kuchelewa gari. Hakuna aliyegombana na mwenzake, wala hapakuwa na neno baya. Ila mzee alikuwa amesafiri njia yote ile, na nyumba ya mwanawe hakuiingia. Mwana alielewa jioni, na kabla ya mwezi kwisha alinunua waya, misumari miwili mikubwa na kitambaa kizito, akahamisha kitanda kwenye pembe iliyo nyuma ya mlango, akakizungushia pazia kutoka ukuta hadi ukuta. Gharama yake haikufika bei ya kigoda kimoja na nusu. Mzee aliporudi wakati wa mavuno, aliketi ndani.

Pazia hilo lina kazi nyingine. Huwafanya watoto wajue ya kuwa upande ule una mwenyewe, na humwezesha mke kubadili nguo hali mumewe ana mgeni. Yafaa liwe na rangi iliyoiva kwa upande wa wageni na lifike karibu na sakafu, maana pazia fupi huonyesha miguu ya watu, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na pazia. Chandarua cha mviringo, kinachoning'inizwa kwa kamba moja, kinafaa chumba chembamba kuliko kile cha pembe nne. Mchana husokotwa kikafungwa fundo juu. Kaunti ya Bungoma ni nchi ya malaria, na mtu asiache chandarua kwa kisingizio cha kukosa nafasi. Miguu ya kitanda na iwe mirefu, kama inchi 20, ili masanduku mawili yaingie chini yake.

Watu wa Pwani walishughulika na wembamba wa namna hii karne nyingi kabla ya Kitale kuitwa mji. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba sana, kwa kuwa dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Upana wa chumba ukabaki karibu mita mbili na nusu, yaani pungufu ya futi 9, hata kwa tajiri. Lakini msafiri aliyeingia humo hakusema amebanwa. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, hivyo nuru kidogo ya kiwanda, yaani ua wa katikati, ilitosha kufika ndani. Kitanda kiliwekwa mwishoni mwa chumba, mbele yake likaning'inizwa pazia. Vitu havikuwekwa sakafuni: katika ukuta wa chumba cha ndani walichonga zidaka, vijumba vidogo vidogo vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Tena mgeni wa kawaida hakufika huko. Alipokewa dakani, penye mabaraza ya kukalia, akamaliza shauri lake hapo. Mji huo wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika hazina za ulimwengu mwaka 2001, na wageni kutoka mbali huja kuzitazama nyumba zile zile nyembamba.

Mpangaji wa Kitale hana zidaka, na mwenye ploti hatakubali ukuta wake uchongwe. Lakini ukuta anao, tena mwingi. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kuta za kimo cha futi 8 kina futi za mraba 320 za ukuta, na watu wengi hawazitumii ila kwa kalenda na picha. Rafu ya mbao yenye upana wa inchi 10, iliyopigwa juu kidogo ya kichwa cha mtu kutoka pembe hadi pembe, hupokea masanduku, vitabu, vyombo vya wageni na dawa ambazo mtoto asizifikie. Chini ya rafu hiyo pigilia vigingi vya kutundikia nguo, sufuria na ungo. Kuta zenyewe zipakwe nyeupe au rangi ya maziwa. Rangi ya buluu iliyoiva, ambayo wengi huipenda kwa sababu haionyeshi uchafu, hula nuru ya dirisha na kuongeza gharama ya taa.

Baada ya kugawanya chumba kwa pazia na kwa rafu, hubaki kukigawanya kwa saa. Meza moja yaweza kuwa meza nne. Alfajiri hukatiwa mkate na kuwekewa chai. Mchana mama hukatia mboga. Jioni hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, na kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu usiku ni ya mwanafunzi, redio ikinyamaza. Wakati wa chakula hurudi kuwa meza ya chakula. Saa hizo zikitajwa na kufuatwa, watoto huzishika upesi kuliko wakubwa. Wakubwa ndio wenye taabu, hasa baba apendaye kusikiliza habari kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua. Magodoro ya watoto hutandikwa usiku mahali pa meza, na asubuhi hutolewa juani kabla ya kukunjwa. Yakikunjwa na unyevu wake, chumba chote hunuka kabla ya saa sita.

Kuna jambo moja katika chumba kimoja ambalo kosa lake halina nafasi ya kusahihishwa, nalo ni moto. Kitale iko katika kimo cha karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa Juni na wa Julai ni wa baridi kali. Jamaa hupika kwa makaa, chakula kikiisha jiko huachwa ndani liwape joto, mlango hufungwa, na mwanya wa chini huzibwa kwa gunia. Makaa mekundu, hata yaliyofunikwa na majivu, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kukaa mahali pa hewa njema, na mtu aliyelala haamki ili ajiokoe. Watu wamekufa hivyo, jamaa nzima, mlango ukavunjwa asubuhi na majirani. Haifai kusema ya kuwa jiko limebaki na makaa machache, au dirisha lina ufa. Jiko hutoka nje kabla ya watu kulala, hata kama mvua inanyesha, na baridi hutafutiwa blanketi. Wakati wa kupika, mlango na dirisha viwe wazi vyote viwili, ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Siku hizi wengi wamehamia mtungi wa gesi wa kilo 6, wenye meko juu yake, nao umepunguza moshi na kazi ya kutafuta makaa. Huo nao una desturi yake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu bali hushuka ikatandaa sakafuni, ikaingia chini ya kitanda na kutulia humo ikingoja kiberiti. Kwa sababu hiyo mtungi haulazwi wala hauwekwi chini ya kitanda, na mwanya wa chini ya mlango hauzibwi. Pembe ya mtungi iwe karibu na mlango, mbali na pazia. Mtu akisikia harufu yake asiguse swichi ya taa: afungue mlango na dirisha, afunge mtungi, awatoe watoto nje.

Lililo gumu kuliko pazia na jiko ni mgeni wa kulala. Kwa desturi ya Wabukusu mkwe na mama mkwe wake hawatazamani ovyo, wala haiwezekani walale chini ya dari moja ya futi 10, pazia liwepo lisiwepo. Kuna wanaojaribu kulipuuza jambo hili kwa kusema mji ni mji. Mama mkwe mwenyewe halipuuzi. Atakaa macho usiku kucha kwenye kigoda, au atasema hajambo hali anaumwa, ili arudi Bokoli siku ile ile. Njia iliyo njema ni ile ambayo wanawake wa ploti wenyewe wameifanya kuwa ada: mke hupatana mapema na jirani ambaye mumewe yuko safarini au aliye mjane, mama hulala huko na godoro lake na blanketi safi, na siku jirani atakapopata mgeni hulipwa vivyo hivyo. Kwa hiyo katika kila chumba yafaa liwepo godoro moja jembamba la akiba, limefungwa katika shuka, chini ya kitanda. Mwenye kulikopa kwa watu kila anapofikiwa na mgeni hukopa pamoja na kunguni.

Hapo mwanzo imesemwa misumari, rafu na rangi, na vyote hivyo vina mwenye ukuta. Mpangaji na azungumze na mwenye ploti siku ile anapolipa amana, kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, naye aandike katika karatasi vitu alivyoruhusiwa na jinsi atakavyouacha ukuta atakapohama, wote wawili watie sahihi. Rafu na ifungwe kwa skrubu badala ya kupigiliwa, maana skrubu hutoka bila kubomoa lipu. Mbao zake, benchi la sanduku na vigoda vitapakiwa juu ya gari la kurudi Bokoli. Lakini ulefu wa rafu upimwe kwanza, kwa kuwa ubao wa futi 10 mzima makondakta hawaukubali. Yafaa ukatwe vipande viwili vya futi 5 tangu siku ya kununuliwa.